Kumwandaa Kijana Mwenye Usonji Kujitegemea: Namna ya Kuitumia Vema Shule Maalumu

Mzazi anayempeleka mwanawe kwenye kitengo cha usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano, mahusiano na mazoea ya mtu) kwa mara ya kwanza huwa na haja tatu: mtoto aseme, atulie, na ajue kusoma. Miaka kumi baadaye mzazi huyohuyo huja na swali jingine, yaani nani atamwogesha kijana huyu, nani atampikia, na nani atamshika mkono barabarani siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo. Swali hili la pili ndilo linalopaswa kuongoza elimu ya mtoto tangu mwanzo, na kwa bahati mbaya ndilo linaloulizwa mwisho, mara nyingi kijana akiwa ameshaota ndevu au msichana ameshavunja ungo, na mwalimu mkuu ameshaanza kudokeza kwamba umri wa shule umepita.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wa Tanzania na Kenya wanaotaka kuliuliza swali hilo mapema. Msimamo wake ni mmoja: shule maalumu isipimwe kwa wingi wa msaada inaompa kijana, bali kwa kiasi cha msaada inachofanikiwa kuuondoa bila kijana kukwama.

Kabla ya hapo, tukubaliane kwamba kujitegemea kuna viwango. Kijana asiyezungumza, lakini anayekwenda chooni peke yake, anayechagua nguo zake, na anayeweza kufanya kazi nusu siku chini ya msimamizi, amefika mbali kuliko kijana anayesoma gazeti kwa ufasaha huku mama akimfunga vifungo vya shati. Wapo watakaoishi peke yao na kulipa kodi ya nyumba, na wapo watakaohitaji mtu karibu yao maisha yote. Kwa hawa wa pili, kila jambo wanalojifanyia wenyewe linampunguzia mlezi mzigo na linawaongezea wao heshima ndani ya nyumba.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa Donald Triplett, wa kwanza kati ya watoto 11 ambao daktari Leo Kanner aliwaeleza katika makala yake ya mwaka 1943 iliyoupa usonji nafasi katika tiba. Donald, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, alipelekwa akiwa mtoto kuishi na familia ya wakulima jirani na kwao. Wakulima wale hawakupambana na mazoea yake ya kuhesabu kila kitu, bali walimpa shamba la mahindi ahesabu mistari huku akilima kwa plau. Baadaye alifanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, na akaishi katika mji huohuo hadi alipofariki mwaka 2023. Tusifiche kwamba familia yake ilikuwa na uwezo na kwamba benki yenyewe ilikuwa mikononi mwa ukoo wa mama yake. Hata hivyo, Kanner alipowafuatilia watoto wale mwaka 1971, aliona kwamba waliokulia katika mahospitali makubwa ya kuhifadhia watu walikuwa wamepoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Tofauti kubwa ilikuwa katika mahali walipowekwa na kazi walizopewa.

Kuchagua shule

Katika nchi zetu, elimu ya watoto wenye usonji hutolewa zaidi katika vitengo vilivyo ndani ya shule za msingi za kawaida, kama kilivyo kitengo cha Msimbazi Mseto huko Ilala, Dar es Salaam, na kile cha City Primary jijini Nairobi. Zipo pia shule za binafsi na za mashirika ya dini, nyingine zikiwa za bweni. Mpangilio wa kitengo ndani ya shule ya kawaida una faida ambayo wazazi wengi hawaioni: mtoto huwa na watoto wengine wa kuwaiga wakati wa mapumziko, na watoto wale wengine hukua wakijua kwamba mwenzao anayepunga mikono na kuzunguka si kichaa wala hajarogwa. Hao ndio watakaokuwa makondakta, wauza duka na waajiri wake.

Anza na kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu, ambacho ofisi ya elimu ya wilaya au kaunti itakuelekeza kilipo. Kisha tembelea shule yenyewe, na usitembelee saa nne asubuhi wakati wageni wanapopokelewa kwa nyimbo. Omba ukae hadi chakula cha mchana. Tazama nani anafungua kifuniko cha chupa ya maji. Tazama kama wasaidizi wanawalisha watoto wanaoweza kushika kijiko kwa sababu tu foleni ni ndefu, na kama watoto wanabeba sahani zao wenyewe kwenda kwenye beseni la kuoshea. Choo kitakuambia mengi kuliko ofisi ya mwalimu mkuu: kama kuna sabuni mahali mtoto anapoifikia, kama mlango unafungika, na kama kuna mtu anayefundisha humo badala ya kusafisha tu.

Darasani, tafuta ratiba za picha. Utaratibu huu wa kupanga darasa ili lijieleze lenyewe ulienezwa na programu ya TEACCH, ambayo Eric Schopler aliianzisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1972, na haudai vifaa vya gharama. Kila shughuli ina sehemu yake, kila mtoto ana picha zinazomwonyesha nini kinafuata, na kila kazi imewekwa kwa namna inayomwonyesha afanye nini, kiasi gani, na ajue vipi kwamba amemaliza. Picha zilizobandikwa juu karibu na dari ni mapambo ya wageni; picha zinazotumika huwa usawa wa macho ya mtoto, zimechakaa pembeni, na zinang'oka.

Muulize mwalimu maswali mawili bila kuhitaji kutajiwa jina la mtoto yeyote. La kwanza: mwaka huu kuna mwanafunzi aliyeacha kuhitaji msaada katika jambo gani? La pili: wanafunzi waliofikisha miaka 16 na kuendelea wako wapi sasa? Mwalimu aliyesomea elimu maalumu, iwe ni katika chuo cha Patandi mkoani Arusha au katika KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986, atakuwa na majibu, hata kama majibu yenyewe si ya kufurahisha. Shule inayotumia kiboko kumtuliza mtoto aliyeziba masikio, au inayowafungia watoto darasani ili wasitoroke badala ya kuwafundisha mpaka wa geti, iache hata kama ada yake ni nafuu na gari lake linafika mlangoni kwako.

Malengo yanayoweza kupimwa

Baada ya mtoto kupokelewa, kaa na mwalimu muandike mpango binafsi wa ujifunzaji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu malengo huandikwa kwa maneno mapana kama vile "ajue kujihudumia" au "aboreshe mahusiano", ambayo hakuna mtu awezaye kusema yametimia au la. Andikeni hivi: "Akimaliza haja, anajitawaza, anavaa suruali, anamwaga maji na kunawa kwa sabuni bila kuambiwa, siku nne kati ya tano, shuleni na nyumbani." Maneno "bila kuambiwa" na "shuleni na nyumbani" ndiyo yenye uzito katika sentensi hiyo, na lengo lolote lisilo nayo lirudishwe mezani.

Kwa kuwa muda ni mchache na mambo ni mengi, mnahitaji kipimo cha kuchagua. Kipimo kilicho bora ni kuuliza: asipojifunza jambo hili, je, kutakuwa na mtu mwingine atakayelazimika kumfanyia maisha yote? Kuvaa, kunawa, kula, kusema "hapana", kuvuka barabara na kujipakulia chakula vyote vinapita katika kipimo hiki. Kutaja rangi kumi na moja na kuimba miezi ya mwaka havipiti. Sisemi kusoma na kuhesabu kuachwe. Wapo wenye usonji wanaosoma vizuri mno na wanaostahili kufanya mitihani ya taifa kama wenzao. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 14 ambaye bado anapanga vigingi kwenye ubao wa mbao amecheleweshwa na watu wazima.

Katika mpango huohuo andikeni mambo ya afya. Kifafa huambatana na usonji kwa wengi, na kwa baadhi huanza wakati wa balehe, hivyo kijana anayetumia dawa afundishwe kuzimeza kwa wakati kwa kufuata kisanduku chenye siku za wiki, na walimu wajue la kufanya akidondoka.

Mawasiliano kwanza

Kijana asiyeweza kuomba, kukataa, kusema anaumwa wapi na kuomba msaada hawezi kujitegemea, hata akiwa na ustadi wa mikono. Kama hasemi, shule impe njia nyingine, na isimngoje aseme. Njia inayotumika sana ni ya kubadilishana picha, iliyobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost nchini Marekani mwaka 1985: mtoto humpa mtu picha ya kitu anachokitaka na papo hapo hupewa kitu hicho, hadi ajue kwamba mawasiliano humhitaji mtu mwingine. Picha za simu zilizochapishwa na kufunikwa kwa plastiki zinatosha, ilimradi ziwe za vitu halisi vya kwao: kikombe chake, choo cha kwao, bibi yake. Kuna wazazi wanaohofia kwamba picha zitamfanya mtoto asiongee kamwe. Hofu hiyo haina msingi. Watoto wengi huongeza maneno wanapopunguziwa mkazo wa kueleweka.

Neno la kwanza la kufundisha baada ya kuomba ni la kukataa. Kijana mwenye njia ya kusema "sitaki" au "basi" haumi watu wala hajipigi kichwa ukutani kwa kiasi kilekile, na, kama tutakavyoona mbele, neno hilo ni ulinzi wake. Kama nyumbani mnazungumza Kisukuma, Kichaga au Kikamba, msiiache lugha yenu. Patanisheni tu na mwalimu maneno machache ya kazi, ili "simama" ya shuleni na ya nyumbani zimfikishe mahali pamoja.

Kufundisha kazi moja hadi mwisho

Tuchukue kufua shati, kazi ambayo kila nyumba inayo na ambayo mlezi huifanya kwa haraka bila kufikiri. Kwanza mwalimu aifue mwenyewe huku mwenzake akiandika kila hatua: kuchukua beseni, kujaza maji, kuweka sabuni, kuloweka, kufikicha kola, kufikicha makwapa, kufikicha mikono, kusuuza mara mbili, kukamua, kukung'uta, kuanika, kubana kwa vibanio. Kila hatua ifanyiwe jambo la kuiondolea utata. "Maji ya kutosha" hayaeleweki, lakini mstari uliochorwa kwa rangi ya kucha ndani ya beseni unaeleweka. Sabuni ya unga ipimwe kwa kifuniko cha chupa. Na kwa kuwa "fikicha mpaka ing'ae" ni amri isiyo na mwisho, kola ifikichwe hadi hesabu ya ishirini.

Kisha fundisha kuanzia mwisho. Siku za mwanzo mwalimu afanye kazi yote na kijana aweke kibanio cha mwisho tu, kazi iishe, apongezwe na aende kwenye jambo analolipenda. Akiliweza hilo, aanike mwenyewe na kubana. Baadaye akung'ute, aanike na abane. Na hivyo kurudi nyuma hadi afikie kuchukua beseni. Faida yake ni kwamba kijana humaliza kazi kila siku tangu siku ya kwanza, na hatua mpya daima humwongoza kwenye zile alizokwisha kuzizoea. Ukianzia mwanzo, atajaza maji vizuri kwa miezi mitatu bila kuona shati lililofuliwa.

Jambo gumu zaidi kwa walimu na wazazi ni kunyamaza. Tumezoea kusema "haya, sasa sabuni, haya, fikicha, bado huku", na kijana hujifunza kwamba sauti yetu ni sehemu ya kufua. Ikikosekana, husimama na beseni mbele yake akisubiri. Msaada wa maneno ndio mgumu kuliko yote kuuondoa. Ni afadhali mwalimu asimame nyuma yake na kuiongoza mikono yake kimya kimya, baada ya muda aguse kiwiko tu, baadaye aelekeze kidole kwenye picha ya hatua inayofuata, kisha arudi nyuma hatua mbili, na mwisho akae mlangoni akisahihisha madaftari. Kila siku aweke alama kuonyesha ni msaada wa aina gani uliohitajika katika kila hatua. Karatasi hiyo, ikitundikwa ukutani kwa muhula mmoja, itaonyesha kama msaada unapungua; na kama haupungui, kosa litafutwe katika hatua, si katika kijana.

Kutoka nje ya geti

Watu wengi wenye usonji hawahamishi kirahisi jambo walilojifunza mahali pamoja kwenda mahali pengine. Kijana anayenunua kwenye "duka" la darasani kwa pesa za karatasi anaweza kukwama kabisa mbele ya duka la Mangi la mtaani, ambako kuna nondo dirishani, watu watatu wanaongea kwa pamoja, na muuzaji anauliza, "Unataka la mia tano au la elfu?" Kwa sababu hiyo, mafunzo ya duka yafanyike dukani, saa za watu wachache, baada ya mwalimu kuongea na mwenye duka, na kwa kitu kimoja kilekile mpaka kikae. Baadaye kibadilishwe kitu, kisha duka, kisha saa.

Fedha zetu, kwa bahati nzuri, zinasaidia. Noti za Tanzania zinatofautishwa kwa picha: ya 1,000 ina Mwalimu Nyerere, ya 2,000 simba, ya 5,000 kifaru na ya 10,000 tembo, na kijana asiyejua kusoma tarakimu anaweza kujua kwamba mkate unataka simba mmoja. Kwa anayejua kuhesabu kidogo, mfundishe kutoa noti za elfu moja hadi zizidi bei, yaani akisikia elfu moja mia saba atoe mbili, asubiri chenji, na asiondoke kabla ya kupewa kitu mkononi. Huduma ya pesa kwa simu ina hatari yake. Vijana wengi wenye usonji husema ukweli kwa kila anayeuliza, na namba ya siri wataitaja kwa sauti mbele ya wakala. Hilo lifundishwe kama sheria isiyo na msamaha, na akaunti iwekwe kiasi kidogo tu.

Usafiri unastahili muhula mzima. Katika daladala za Tanzania nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na hivyo haibadiliki ovyo, jambo linalompa utulivu mtu anayependa mambo yawe vilevile. Katika matatu za Nairobi nauli hupanda mvua ikinyesha au jioni ikifika, na kijana asipoandaliwa atamwona kondakta kuwa mwizi na kulisema hilo waziwazi. Mabasi ya Mwendokasi ya Dar es Salaam yana vituo visivyohama na milango inayofunguka mahali palepale, ingawa msongamano wa asubuhi ni mtihani kwa asiyependa kuguswa. Anzeni kwa safari moja yenye maana, kama ya nyumbani hadi shuleni. Mwalimu au kaka akae naye kiti kimoja, kisha viti viwili nyuma, kisha apande gari linalofuata na kukutana naye kituoni. Mpe kadi ya kuonyesha kondakta iliyoandikwa kituo anachoshuka na namba ya simu ya nyumbani. Kumbukeni pia kwamba akiwa na sare alilipa nauli ya mwanafunzi. Siku atakapoivua, kondakta atadai nauli kamili, na badiliko hilo dogo limewahi kuvunja mazoea ya miaka. Lifanyieni mazoezi kabla.

Mwili, balehe na usalama

Sehemu hii huachwa kwa aibu, na aibu hiyo huwagharimu vijana. Msichana afundishwe kubadilisha pedi kabla hajavunja ungo, kwa kutumia pedi halisi iliyotiwa matone ya rangi nyekundu, kwa hatua zilezile tulizozieleza katika kufua, na aonyeshwe mahali pa kuitupa au, kama anatumia ya kitambaa, namna ya kuiloweka. Mvulana ajue kwamba mwili wake utabadilika usiku na kwamba hilo si ugonjwa. Wote wajue mahali pa faragha na mahali pa watu, kwa sababu jambo linalochekwa kwa mtoto wa miaka sita, kama kuvua nguo uani au kumkumbatia mgeni, humfikisha kijana wa miaka kumi na saba mikononi mwa sungusungu.

Hapa ndipo ile "sitaki" ya mwanzo inapolipa. Shule nyingi huwazoesha wanafunzi wenye usonji kutii kila mtu mzima, na mtu aliyezoeshwa kutii kila mtu mzima hana ngao. Wafundishwe majina halisi ya viungo vya mwili, nani anaruhusiwa kuwasaidia kuoga na nani haruhusiwi, na kumwendea mtu fulani mmoja shuleni na mmoja nyumbani pale mtu anapowagusa vibaya. Mzazi wa mtoto wa bweni aulize bila kumung'unya maneno nani analala wapi na nani huingia bwenini usiku.

Kutoka darasani hadi kwenye kazi

Mtaala wa umilisi wa Kenya umeweka njia maalumu kwa wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida, yenye ngazi ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi na ya ufundi wenyewe, na mwanafunzi hupanda kwa uwezo wake, si kwa umri. Tanzania ina vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, na vituo vya ufundi stadi vya mashirika mbalimbali. Lakini njia yoyote utakayoifuata, angalia kazi inayofundishwa ina mnunuzi au mwajiri mtaani kwenu. Shule nyingi hufundisha kutunga shanga kwa sababu shanga hupendeza mezani siku ya maonyesho na wageni hununua kwa huruma. Baada ya shule hakuna mgeni, na kijana hubaki na kopo la shanga. Kufuga kuku, kuotesha miche, kufungasha karanga, kuoka mikate, kupanga bidhaa rafuni, kuosha vyombo hotelini, kukunja nguo kwa dobi na kuingiza takwimu kwenye kompyuta ni kazi zenye utaratibu unaojirudia, na kurudiarudia huko, kunakowachosha wengine, kwa kijana mwenye usonji kunaweza kuwa ndiyo raha ya kazi.

Jambo lililothibitika kufaa ni kujifunza kazi mahali pa kazi. Mpango wa Project SEARCH ulianza mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, baada ya muuguzi Erin Riehle, aliyesimamia idara ya dharura, kuhitaji watu makini wa kujaza vifaa kwenye rafu. Wanafunzi wenye ulemavu huwa eneo la kazi kwa mwaka wao wa mwisho wa shule, wakizunguka idara moja baada ya nyingine, na mwalimu wao huwa papo hapo. Mwalimu wa Morogoro au Kisumu hahitaji mpango wenye jina kubwa kufanya hivyo. Anahitaji mwenye bekari mmoja aliye tayari kumpokea kijana saa mbili kwa siku, siku mbili kwa wiki, na yeye mwenyewe awepo wiki za mwanzo ili amfundishe kijana kazi na awafundishe wafanyakazi kumwelekeza kwa sentensi fupi zisizo na mafumbo. Ukimwambia kijana mwenye usonji "angalia mikate", ataiangalia ikiungua.

Sheria nazo zisikae kabatini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inalenga asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma. Usonji hauonekani kwa macho, na ofisa anaweza kukuambia mwanao "mbona mzima tu", hivyo nenda na barua ya upimaji.

Nyumba isiyovunja kazi ya shule

Shule inaweza kumfundisha kijana kupika chai kwa miezi sita, na bibi mmoja mwenye upendo akaifuta kazi hiyo likizo moja kwa kumwambia, "Kaa baba, mjukuu wangu asiungue." Bibi hana kosa, hajaambiwa. Kabla ya kila likizo mwalimu ampe mzazi karatasi yenye kazi mbili au tatu, zenye hatua zake na msaada uliofikiwa, na wote wa nyumbani, akiwemo dada wa kazi, waionyeshwe. Chagueni kazi ambazo nyumba inazihitaji kweli. Ndugu zake wasifanywe walinzi. Naye apewe sehemu ya kazi za nyumbani kama wanavyopewa wao, na akikosea akosolewe kama wanavyokosolewa wao.

Maandalizi ya kutoka shuleni yaanze akiwa na miaka 13 au 14. England imeweka umri huo katika utaratibu wake, na tangu sheria ya mwaka 2014 mpango wa elimu wa kijana unaweza kuendelea hadi miaka 25. Kwetu, ambako kijana anaweza kurudishwa nyumbani kwa barua ya mstari mmoja, sababu ya kuanza mapema ni kubwa zaidi. Ifikapo miaka 18 awe na kitambulisho cha taifa, na saini au alama ya kidole aliyoifanyia mazoezi.

Mwaka wa mwisho shule imkabidhi mzazi jalada, na mzazi asiondoke bila hilo. Ndani yake kuwe na anachoweza kufanya bila msaada, anachofanya kwa msaada na wa aina gani, namna anavyowasiliana, kinachomkera na kinachomtuliza, dawa zake, njia za usafiri alizozizoea, kazi alizojaribu na namba za waliompokea. Mwajiri, daktari au shangazi atakayempokea siku moja atahitaji kurasa mbili za kwanza tu. Nyingine ni kwa ajili ya mwalimu wa ufundi. Pangeni pia nani atamtembelea kazini baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu na baada ya sita, na muandike jina la mtu huyo, kwa kuwa nafasi nyingi za kazi hupotea katika kipindi hicho, mara nyingi kwa jambo dogo kama msimamizi mpya asiyejua kwamba kijana akibadilishiwa zamu anapaswa kuonyeshwa ratiba mpya siku moja kabla.